Chuma Kinapomumunywa: Mipangilio ya Uchongaji wa Kielektrokemia na Lugha ya Kuieleza

Kando ya Barabara ya Ngong, kuelekea Dagoretti Corner na hadi Kawangware, mafundi wa jua kali wa Nairobi hufua, hukata na huchomelea vyuma mchana kutwa. Baadhi ya zana za kazi hiyo zina majina ya Kiswahili ya tangu zamani: nyundo, tindo, tupa, jiliwa, keekee. Zana za kukatia miongoni mwazo hutawaliwa na kanuni moja, kwamba kinachokata sharti kiwe kigumu kuliko kinachokatwa. Makala haya yanakusudia kueleza mbinu isiyoijali kanuni hiyo, yaani uchongaji wa kielektrokemia, na namna mipangilio ya mtambo wake inavyoathiri kiasi cha metali kinachoondolewa na usahihi wa umbo linalopatikana. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi nchini Kenya, lakini uhandisi katika vyuo vikuu hufundishwa kwa Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba mhandisi aliyesomea katikati ya jiji na fundi wa Kawangware hawana msamiati mmoja wa kuzungumzia chuma kilekile.

Katika mbinu hii, kipande kinachochongwa huunganishwa na ncha chanya ya umeme, kikawa anodi. Zana, ambayo aghalabu ni ya shaba, huunganishwa na ncha hasi, ikawa kathodi. Baina yao huachwa mwanya mwembamba, kwa kawaida chini ya milimita moja, na ndani yake hupitishwa kwa kasi maji yenye chumvi. Umeme unapopita, atomi za chuma huacha elektroni zao na kuingia majini zikiwa ioni. Kwenye zana hutoka viputo vya haidrojeni tu, kwa hiyo zana hailiki. Zana haikigusi kipande hata kidogo, na ugumu wa metali hauna athari. Ndiyo maana mbinu hii ilipata nafasi katika utengenezaji wa mapanga ya tabo za injini za ndege, ambayo huundwa kwa aloi ngumu za nikeli.

Hapa pana tatizo la istilahi linalostahili kutazamwa. Kitenzi ‘kuyeyuka’ hubeba maana mbili: barafu huyeyuka kwa joto, na sukari huyeyuka katika chai. Ukisema kwamba chuma kinayeyuka, msikilizaji ataona tanuri na moto mwekundu, ilhali maji ya mtambo huu ni ya vuguvugu tu. Kiswahili kina neno jingine, ‘kumumunyuka’, na tayari somo la kemia hutumia ‘mmumunyo’ kwa kioevu kilichomumunyisha kitu ndani yake. Anayemumunya peremende haitafuni. Huipunguza taratibu bila kutumia meno. Ni vigumu kupata picha inayokaribia zaidi kazi ya mtambo huu, na yamkini ‘umumunyaji’ lingefaa kuliko ‘uchongaji’, neno linalonukia shoka na tezo.

Kiasi cha metali kinachomumunyuka hufuata sheria alizozitangaza Michael Faraday katika miaka ya 1830: hulingana na wingi wa umeme uliopita. Kwa chuma kinachopoteza elektroni mbili kwa kila atomi, mkondo wa ampea 1,000 huondoa takriban gramu 17 kwa dakika, yaani sentimita za ujazo zipatazo 2.2. Anayetaka kuondoa zaidi hana budi kupitisha ampea zaidi.

Mtu anaweza basi kudhani kwamba akiongeza volti, kazi itakwenda mbio. Kwa muda mfupi ni kweli. Lakini zana husogezwa mbele kwa kasi maalumu, na kadiri chuma kinavyorudi nyuma haraka kuliko zana inavyosogea, mwanya hupanuka, ukinzani ukaongezeka, mkondo ukashuka. Mambo hutulia pale kasi ya kumumunyuka inapolingana na kasi ya zana. Kwa hiyo kasi ya zana ndiyo inayoamua kiasi kinachoondolewa; volti huamua upana wa mwanya. Tuseme mwanya umetulia kwenye milimita 0.25 kwa volti 10. Ukipandisha hadi volti 20 bila kubadili kasi ya zana, mwanya utakaribia milimita 0.5, na chuma kinachotoka kwa dakika kitabaki kilekile. Ukiongeza kasi ya zana maradufu, mkondo nao huongezeka maradufu na mwanya hupungua kwa nusu.

Mwanya mwembamba ndio huleta usahihi, kwa kuwa umbo la zana hunakiliwa kwenye kipande bila kutanuka sana. Hata hivyo, una hatari yake. Viputo na uchafu vikiuziba, au zana ikisukumwa kupita kiasi, vyuma viwili hukaribiana mno, cheche ikaruka na zana ikaungua. Mmumunyo nao haubaki hali moja njiani: joto huufanya upitishe umeme zaidi, viputo huupunguzia uwezo huo, na kwa sababu hiyo mwanya wa mahali pa kuingilia hutofautiana na wa mahali pa kutokea. Mtiririko wa kasi hupunguza tofauti hiyo. Kuupitisha umeme kwa vipindi vifupi, ili maji yasafishe mwanya katikati ya vipindi, pia husaidia.

Aina ya chumvi ina uzito uleule. Chumvi ya mezani humumunya chuma kwa ufanisi hata pale ambapo umeme ni hafifu, na kwa hiyo hula kuta za pembeni zisizokusudiwa. Nitrati ya sodiamu huacha utando juu ya chuma palipo na umeme hafifu, ikazilinda kuta hizo. Usahihi huongezeka, kasi ikipungua kiasi.

Je, fundi wa Barabara ya Ngong aweza kuijaribu? Kusogeza zana milimita moja kwa dakika ndani ya chuma huhitaji ampea zipatazo 45 kwa kila sentimita ya mraba. Mashine ya kuchomelea yenye ampea 150 ingetosha eneo la sentimita tatu za mraba, mradi mkondo wake geu ugeuzwe kuwa mkondo mnyoofu. Pampu na kifaa cha kusogeza zana kwa kasi isiyoyumba ni gharama nyingine. Yapo pia matope ya hidroksidi ya chuma, na iwapo kinachochongwa ni chuma cha pua katika nitrati, kromu yenye sumu hubaki majini. Maji hayo hayapaswi kumwagwa mtaroni, kwani mitaro ya upande huo wa jiji huelekea Mto Nairobi na vijito vyake.