Je, Wajua? Konekta Hupona Ikiguswa

Je, wajua kwamba konekta ya umeme ya gari inaweza kuharibiwa na msogeo mdogo kuliko unene wa unywele? Gari likitetemeka kwenye barabara ya changarawe, pini husugua tundu lake kwa makumi machache tu ya maikromita. Injini ikipata moto na kupoa, msuguano huo hutokea hata gari likiwa limeegeshwa.

Pini nyingi za magari hupakwa bati kwa sababu ni la bei nafuu. Bati ni laini, ila likikutana na hewa huota utando mgumu wa oksidi. Pini inapochomekwa, utando huo hupasuka na bati safi hugusana na bati safi. Mtikisiko ukianza, kila msuguano hufunua bati jipya, hewa hulishika, oksidi huchunika, na unga mweusi hujikusanya hapo hapo umeme unapopita. Ukinzani uliokuwa sehemu chache za elfu za omu hupanda hadi omu nzima na zaidi, na gari linaweza kukataa kuwaka.

Fundi akichomoa konekta na kuichomeka tena, anakwangua unga huo bila kujua. Gari linawaka, mwenye gari analipa na kushukuru, na ushahidi umeshafutika.

Maabara nayo hupambana na tabia hiyo hiyo. Konekta hufungwa juu ya meza ya kutikisa, waya zake zikibanwa zisiyumbe ovyo, kisha kasi ya mtikisiko hupandishwa, mara nyingi kutoka hezi 10 hadi 2,000, na kushushwa tena. Hairuhusiwi kuchomolewa mpaka jaribio liishe. Kipimo cha ukinzani nacho kina masharti: volti isizidi milivolti 20 na mkondo usizidi miliampea 100, kwani umeme mkubwa zaidi unaweza kutoboa utando na kuleta majibu mazuri ya uongo. Waya mbili hupeleka mkondo na mbili nyingine hupima, ili ukinzani wa waya zenyewe usiingie kwenye hesabu. Chombo kingine huvizia mkatiko. Katika majaribio mengi, umeme ukikatika kwa zaidi ya maikrosekunde 1, konekta imefeli.

Dhahabu haioti oksidi, hivyo hustahimili zaidi. Lakini kuoanisha pini ya dhahabu na tundu la bati ni kosa: bati huhamia juu ya dhahabu na kuoksidika huko huko. Kinga ya bei nafuu ni springi inayobana vizuri na grisi maalumu ya konekta, inayopunguza msuguano na kuzuia hewa.

Kwa hiyo hitilafu iliyoondoka kwa kuchomoa na kuchomeka isihesabiwe kuwa imetengenezwa. Kabla ya kuirudisha konekta, zitazame pini kwa kioo cha kukuzia: ukiona madoa meusi pale zinapogusana, badilisha pini pamoja na tundu lake.