Spana ya bei mbaya: mkulima anunue ipi, aache ipi?

Msimu unakaribia, pawatila na pampu zinaanza kutolewa stoo, na swali la vifaa limerudi kwenye vikundi. Mnadani kuna seti nzima ya spana kwa bei isiyofika mfuko mmoja wa urea. Kwenye duka la vifaa vya gereji kuna spana moja tu ya Mjerumani, namba 13, kwa bei hiyohiyo. Je, ni ujanja wa wauzaji, au kuna kitu cha kweli pale?

Nianze na jibu, maelezo yafuate. Kitu cha kweli kipo. Lakini mkulima hahitaji seti nzima ya bei mbaya. Anahitaji spana chache nzuri, za namba zilizopo kwenye mashine yake, na zilizobaki ziwe za kawaida.

Hasara ipo kwenye nati

Spana ikivunjika unanunua nyingine, yanaisha. Shida ni nati. Nati ina kona sita, na spana mbovu ina mdomo uliolegea. Ukivuta, mdomo unapanuka kidogo, unateleza, unakula kona. Mara ya pili inateleza zaidi. Mara ya tatu nati imekuwa duara, na sasa hata spana nzuri haishiki kitu.

Hapo ndipo tindo, nyundo na grenda vinaitwa. Kwenye injini ndogo za pampu ni hatari zaidi, kwa sababu bolti nyingi zimefungwa kwenye aluminiamu. Bolti ikikatikia ndani, kazi ya dakika kumi inakuwa safari ya mjini kwa fundi wa kuchonga. Wakati huo kitalu cha nyanya kiko juani. Miche midogo haisubiri bolti, siku mbili tatu za jua kali bila maji zinatosha kuimaliza. Kwa hiyo bei ya spana usiilinganishe na spana nyingine tu. Ilinganishe na hicho kitalu.

Spana nzuri inatofautiana wapi?

Mambo ni matatu.

*Chuma.* Spana nzuri hufuliwa kwa aloi, mara nyingi ya kromu na vanadiamu, kisha hupitishwa kwenye moto na kupoozwa kwa utaratibu ili iwe ngumu bila kuwa kama kioo. Ya hovyo ni laini, mdomo unafunguka, au ni ngumu kupita kiasi, inapasuka. Na kung'aa kusikudanganye. Kromu ya juu inazuia kutu tu, haisemi chochote kuhusu chuma cha ndani. Hata maandishi ya Chrome Vanadium yanagongwa kwenye chuma chochote.

*Kipimo.* Spana namba 13 haiwi milimita 13 kamili, lazima izidi kidogo ili iingie. Viwanda vizuri vinabana hiyo nyongeza iwe ndogo. Vibovu vinaiachia, na wewe unaisikia mkononi: spana inacheza.

*Umbo la ringi.* Ringi za zamani zilisukuma nati kwenye ncha ya kona. Snap-on, kampuni ya Marekani iliyoanza mwaka 1920, ilitangaza umbo inaloliita Flank Drive, ambalo nguvu inakaa ubavuni mwa nati, nyuma kidogo ya kona. Leo kampuni nyingi kubwa zina umbo la namna hiyo kwa majina yao: Facom ya Ufaransa wanaita OGV, Stahlwille ya Ujerumani wanaita AS-Drive. Kwa nati yenye kutu, hili ndilo jambo kubwa kuliko yote.

Majina makubwa, na kazi ya kila moja

*Snap-on.* Ni nzuri sana, na baadhi ya spana zake za mdomo zina meno madogo ya kung'ata ubavu wa nati. Lakini sehemu ya bei yake ni huduma: huko kwao wakala anapita gereji kwa gereji na gari lake, spana ikivunjika anakubadilishia. Huku kijijini wakala huyo hapiti. Utakuwa umelipia huduma usiyoipata. Ni ya fundi anayeishi kwa spana.

*Stahlwille, Gedore na Hazet.* Hizi zote za Ujerumani. Stahlwille ni nyembamba na nyepesi kuliko unavyotegemea, inaingia pale ambapo mkono unapita kwa shida, kama nyuma ya karabureta. Gedore na Hazet ni za kazi nzito vilevile. Kati ya hizi tatu mkulima hatakosea. Nunua inayopatikana karibu, kwa namba moja moja.

*Bahco.* Asili yake Sweden. Mvumbuzi Johan Petter Johansson alipata hataza ya spana ya kurekebishika mwaka 1892, ile ambayo mafundi wetu wanaiita spana malaya. Wengi wanaidharau kwa sababu wameshika mbovu tu, ambayo taya linacheza kama jino bovu. Ya Bahco taya lake limetulia, ndiyo maana nasema kama utanunua spana malaya moja maishani, iwe nzuri. Inafaa kwa viungio vya bomba na nati za plau. Bado usiitumie kwa nati iliyogoma, na kila mara uivute upande ambao mzigo unaliangukia taya lisilotembea.

*Knipex.* Wajerumani hawa wana kifaa kinachofanana na plaizi, ila taya zake ni bapa na zinakaa sambamba. Ukibana mpini, nguvu ya mkono inaongezwa mara kumi kwenye taya, kwa hiyo hakuna nafasi ya kucheza. Yenye urefu wa milimita 250 inashika kuanzia nati ndogo hadi zinazozidi milimita 40, za inchi na za milimita. Ni ghali, lakini kwa kikundi chenye mashine mchanganyiko naiona ina faida kuliko seti ya pili ya spana.

Kona sita au kona kumi na mbili?

Chungulia ndani ya ringi au boksi. Ya kona 12 ni rahisi kuivalisha, kila nyuzi 30 inashika, nzuri sehemu yenye nafasi finyu. Ya kona 6 inahitaji nyuzi 60, lakini inakumbatia nati yote. Kwa mashine zetu zinazolala kwenye tope na mbolea, boksi ziwe za kona 6. Boksi ya kona 6 ya bei ya kati inaokoa nati nyingi kuliko spana ya mdomo ya bei mbaya. Nati ikigoma, weka mdomo pembeni kabisa, tumia boksi au ringi.

Jua namba za mashine yako

Hapa ndipo hela nyingi inapotea, maana mtu ananunua seti ya namba 6 hadi 32 na anatumia nne.

- Pampu zenye injini ya Honda GX na zinazofanana nazo: 10, 12 na 14, pamoja na spana ya plagi ya 21.
- Pawatila za dizeli za Kichina: utakutana sana na 10, 13, 14, 17 na 19.
- Trekta za zamani kama Massey Ferguson 135: nati nyingi ni za inchi.

Hilo la inchi tulisimamie kidogo. Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7. Ukiipiga na spana 13, kuna uwazi wa milimita 0.3, na kona zinaanza kuliwa hata kama spana yako ni ya Stahlwille. Nati ya 9/16 ni milimita 14.29, kwa hiyo 14 haiingii na 15 inacheza. Ya 3/4 ni 19.05, na hapo spana 19 inafanya kazi vizuri. Mwenye Massey anunue tatu za inchi: 1/2, 9/16 na 3/4. Hakuna ubora wa kiwanda utakaotibu namba isiyo sahihi.

Dukani fanya hivi

Majina makubwa yanaigwa, usinunue kwa jina peke yake. Nenda na bolti mpya mbili tatu za namba unazotaka. Ivalishe spana, itikise. Ikicheza sana, rudisha. Angalia kama pande mbili za mdomo ziko sawa, kama maandishi yamezama kwenye chuma au yamepakwa juu. Kama ni spana malaya, funga taya kisha jaribu kulitikisa. Na ukikuta jina kubwa la Ulaya kwa bei ya mnadani, jibu unalo.

Hata spana nzuri ina matumizi yake

Nati yenye kutu isafishe kwanza kwa brashi ya waya, weka mafuta ya kupenya, iache usiku kucha. Asubuhi ikaze kidogo kwanza ili kutu ikatike, halafu fungua. Vuta spana kuja kwako, usiisukume, maana ikiteleza vidole vinakutana na chuma. Usichomeke bomba kwenye spana ya mdomo ili kuongeza urefu, tumia boksi yenye mpini mrefu. Bolti za kichwa cha injini mwachie fundi mwenye spana ya kupimia nguvu ya kukaza.

Basi ununue nini?

- Mwenye pampu moja: spana nzuri tatu za mdomo na ringi (10, 12, 14) na spana ya plagi. Inatosha.
- Kikundi chenye pawatila: nzuri tano (10, 13, 14, 17, 19), boksi za kona 6 za bei ya kati, na spana malaya moja nzuri ya inchi 10. Mfuko ukiruhusu, ile ya Knipex.
- Mwenye trekta la zamani: hizo za kikundi, aongeze zile tatu za inchi.

Na kwenye kikundi, zipakeni rangi moja, ziwe na daftari na mtu mmoja wa kuzitunza. Spana nzuri hupotea kwa kuazimwa kuliko kwa kuvunjika.

Kabla ya kwenda dukani, pita na karatasi kwenye mashine yako, jaribisha spana za kuazima, andika namba zinazokaa sawasawa. Hizo ndizo za kununua. Kazi njema, na msimu mwema.