Usiitupe programu pipani, iondoe kwa utaratibu

ILIKUWA Jumamosi usiku mpwa wangu aliponipigia simu, sauti ikimtetemeka.

"Mjomba, mashine imenigomea," alisema.

Kijana huyu, mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimoja jijini Nairobi, alitakiwa kuwasilisha mradi wake Jumatatu asubuhi.

Kisa chenyewe kilianza kwa nia njema. Kompyuta yake, aliyoinunua ikiwa imetumika, ilikuwa imejaa pomoni na ikienda mwendo wa kobe. Basi akaingia ndani ya diski, akazitafuta folda zenye majina asiyoyajua na kuzitupa zote pipani. Kumbe mojawapo ilikuwa ya programu aliyotumia kuchanganua takwimu za utafiti wake! Tangu hapo kila alipoiwasha mashine ililalamika kuwa kuna faili isiyoonekana, nao mradi ukakataa kufunguka.

Si yeye pekee. Katika nyumba nyingi mjini kompyuta ni moja, na kila mtu huongeza chake: watoto michezo, vijana muziki, wazazi programu za hesabu. Siku nafasi inapokwisha, mtu hushika fagio na kufagia ovyo.

Mpangaji na ufunguo

Programu haikai ndani ya folda moja tu. Katika mashine zinazotumia Windows, huandika habari zake katika daftari kuu la mfumo, huweka faili nyingine kwingineko, na aghalabu hujipanga iamke kila kompyuta inapowashwa. Ni kama mpangaji: ukitupa kitanda chake nje bado hujamhamisha. Ufunguo anao, na jina lake lingali katika daftari la mwenye nyumba.

Ndiyo sababu Windows 95, iliyotoka mwaka 1995, ilikuwa na mahali maalumu pa kuondolea programu, na matoleo yaliyofuata yakaendeleza desturi hiyo.

Hatua za kufuata

Kwanza, nakili kazi zako muhimu kwenye diski nyingine. Ikiwa programu ulinunua, andika namba yake ya leseni mahali salama. Huenda ukaihitaji tena.

Pili, ifunge programu hiyo kabisa.

Tatu, katika Windows 10 na 11 bonyeza "Start", kisha "Settings", kisha "Apps", ufungue orodha ya programu zilizomo. Chagua usiyoitaka na kubonyeza "Uninstall". Katika Windows 11 neno hilo limejificha nyuma ya vitone vitatu vilivyo kando ya jina. Fuata maagizo hadi mwisho bila kuizima mashine, kisha uiwashe upya.

Wenye kompyuta za Mac wana nafuu: programu nyingi huondoka kwa kuburutwa hadi pipani, ila zile zilizokuja na kiondoaji chao zitumie hicho.

Tahadhari

Usiondoe kitu kwa sababu tu jina lake ni geni. Mathalan, Microsoft Visual C++ Redistributable huweza kuonekana mara kadhaa kwenye orodha, lakini kuna programu nyingine zinazoitegemea. Vivyo hivyo zile zinazoendesha printa au sauti.

Jihadhari pia na programu zinazojigamba kusafisha daftari la mfumo. Microsoft yenyewe haiungi mkono matumizi yake, kwani kosa dogo humo laweza kuilaza mashine.

Na kama unabadilisha kinga ya virusi, ondoa ya zamani kabla ya kuweka mpya. Mbili zikilinda mlango mmoja kwa wakati mmoja huzozana, na mashine huzidi kuzorota.

Je, mpwa wangu aliponaje? Nilimuuliza swali moja: "Pipa umelimwaga?" Hakuwa amelimwaga. Nikamwelekeza azirejeshe folda zote mahali pake, kisha aiwashe mashine upya. Programu ikafunguka, na mradi ukaonekana kama alivyouacha. Ndipo tukaketi kwenye simu, tukaondoa michezo mitatu kwa utaratibu, mmoja baada ya mwingine.

Jumatatu aliuwasilisha mradi kwa wakati. Waliosema mwenye pupa hadiriki kula tamu hawakuwa na kompyuta, lakini walituonya mapema.