Miezi 180: kazi ya nchi mbili inahesabiwa wapi?

Wenzetu wanaotoka Rombo wanajua kwamba Kenya iko karibu nao kuliko Moshi mjini. Kutoka Tarakea mtu anavuka kwa miguu. Holili na Taveta ni majirani. Vijana wengi wa parokia zetu wamefanya kazi upande wa pili, katika ujenzi, hoteli, hata ualimu. Tunajiuliza: wakizeeka, miaka yao ya kazi inahesabiwa wapi?

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwalimu amefundisha miaka 10 katika shule binafsi hapa Moshi, akachangia NSSF. Kisha akaenda Nairobi, akafundisha miaka 8 na kuchangia NSSF ya huko. Majina ya mifuko yanafanana, lakini ni mifuko miwili tofauti. Huku kwetu pensheni ya kila mwezi inahitaji michango isiyopungua miezi 180, na yeye ana 120. Atalipwa mkupuo, basi. Mfuko wa Kenya nao ulianza mwaka 1965 kama mfuko wa akiba: unachoweka pamoja na faida yake ndicho unachochukua. Amefanya kazi miezi 216, lakini huku kwetu 96 kati ya hiyo haimsaidii kufikisha 180. Mkupuo si kitu kibaya, lakini sote tunajua jinsi unavyokwisha: bati, ada, mgonjwa mmoja, na mzee bado ana miaka 20 ya kuishi.

Nchi za Ulaya zilikutana na tatizo hili mapema, wachimba makaa na watu wa viwandani walipokuwa wakihama kutoka nchi moja hadi nyingine. Mwaka 1958 nchi sita za Jumuiya yao zilipitisha kanuni ya kujumlisha vipindi vya kazi. Kanuni inayotumika sasa ni ya mwaka 2004, na ilianza kazi Mei 2010. Utaratibu wake si mgumu. Kwanza miezi yote inajumlishwa ili kuona kama mtu amefikia kiwango. Akifikia, kila nchi inamlipa sehemu inayolingana na muda aliochangia kwake. Mwalimu wetu angepata pensheni mbili ndogo kila mwezi. Hakuna nchi iliyolazimika kuvunja mfuko wake. Waliosoma Mafundisho Jamii ya Kanisa wataiona hapo kanuni ya auni: mkubwa hamnyang'anyi mdogo kazi anayoiweza, bali humsaidia pale anaposhindwa.

Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ina ahadi. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inampa mfanyakazi mgeni haki ya hifadhi ya jamii kama mwenyeji, na inaliachia Baraza la Mawaziri kutunga kanuni za mafao. Kwa mwalimu wetu, kinachokosekana ni hiyo hesabu ya kujumlisha miezi.

Ndani ya nchi yetu tumekwisha kujaribu njia nyingine, ile ya kuunganisha. Tarehe 1 Agosti 2018 mifuko ya PPF, PSPF, LAPF na GEPF iliunganishwa kuwa PSSSF kwa watumishi wa umma. NSSF ikabaki na sekta binafsi na waliojiajiri. Kwa maoni yetu lilikuwa jambo la busara. Lakini kanuni mpya za mafao zilikuja na kikokotoo kilichoshusha mkupuo wa watumishi wengi kutoka asilimia 50 hadi 25. Kelele zikawa kubwa, na Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli akakisimamisha. Mwaka 2022 ikawa asilimia 33, na mwaka 2024 serikali ikatangaza 40 kwa kundi hilo. Kuunganisha ofisi kulikuwa rahisi kuliko kukubaliana na wazee watarajiwa.

Katika waraka wa Laborem Exercens wa mwaka 1981, Mtakatifu Yohane Paulo II anaitaja pensheni kati ya haki za mfanyakazi, na anasema anayefanya kazi nchi ya ugenini asiwekwe katika hali duni kuliko wenyeji. Haki hiyo haiwahusu walioajiriwa mijini tu. Mkulima wa kahawa wa Kibosho hana mwajiri. Pensheni yake ilikuwa kihamba na kitinda mimba aliyebaki nyumbani. Vihamba vimegawanywa hadi vimekuwa vipande, na kitinda mimba yuko Dar es Salaam. Zanzibar imewajibu wazee wa namna hiyo kwa pensheni jamii, iliyoanza Aprili 2016 kwa kila mwenye miaka 70, awe alichangia au hakuchangia.

Halafu kuna swali lililo karibu zaidi nasi. Parokia na seminari ni waajiri pia. Mpishi, mlinzi, katibu wa ofisi: sheria inataka asilimia 20 ya mshahara wao iende NSSF, na mwajiri asimkate mfanyakazi zaidi ya nusu ya hiyo. Halmashauri ya walei inaweza kuuliza jambo hili katika kikao kijacho, na mfanyakazi mwenyewe anaweza kwenda ofisi ya NSSF na kuomba taarifa ya michango yake, aone miezi mingapi imeingia.