Direkta akiingia darasani, mwalimu anafaidika nini?

Katika shule nyingi za msingi mashariki mwa Kongo, direkta akifungua mlango wa darasa, wanafunzi wanasimama kumsalimia na mwalimu anatafuta haraka daftari lake la matayarisho. Anajua kinachofuata: daftari kukaguliwa, sahihi kuwekwa, basi. Somo lenyewe halizungumziwi.

Shida hiyo si ya Kongo peke yake. Huko Miami, nchini Marekani, watafiti wakiongozwa na Jason Grissom waliwafuatilia wakuu wa shule wapatao 100 kutwa nzima. Mwaka 2013 walieleza kwamba ziara fupi za darasani hazikuendana na maendeleo ya wanafunzi, hasa pale mkuu alipopita tu bila kuzitumia kumfundisha mwalimu kazi. Palipokuwa na maelekezo kwa mwalimu, matokeo yalikuwa mazuri zaidi.

Kwetu, tangu elimu ya msingi itangazwe kuwa bure mwaka 2019, madarasa yamejaa na direkta anashinda na ripoti na wazazi. Hata hivyo, dakika 10 za kukaa nyuma ya darasa zinapatikana. Anaona mengi: mwalimu anauliza benchi la mbele tu, au Kifaransa kimewaacha watoto wa nyuma.

Kigumu ni dakika 5 za baadaye, saa ya mapumziko, wawili peke yao, wakizungumzia jambo moja tu. Kisha direkta arudi juma linalofuata, aangalie kama benchi la nyuma nalo limeulizwa.