Ushauri Nasaha kwa Simu: Mshauriwa Huridhishwa na Nini?

Ushauri nasaha kwa njia ya simu na intaneti, ulioenea sana duniani wakati wa janga la UVIKO-19 mwaka 2020, umefika hata kwetu Nyanda za Juu Kusini, ingawa mara nyingi hauitwi kwa jina hilo. Ni mwanafunzi aliyeko Uyole, Mbeya, anayempigia usiku mchungaji wake wa Makete.

Kwa Kanisa jambo hili si geni. Mwaka 1953 Chad Varah, kasisi wa Kianglikana jijini London, alitangaza namba ya simu kwa ajili ya waliokata tamaa ya kuishi. Waliofika kumwona walipokewa na watu wa kujitolea, wakapewa chai na kusikilizwa walipokuwa wakingoja zamu. Varah akatambua kwamba wengi waliondoka wametua mzigo kabla hawajamfikia yeye. Habari hiyo yatunyenyekesha sisi tuliosoma seminari.

Mwaka 1979 Edward Bordin, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza kuwa uhusiano wa mshauri na mshauriwa una mambo matatu: kuaminiana, kukubaliana juu ya lengo, na kukubaliana juu ya kazi ya kulifikia. Tafiti nyingi za baadaye zimeonyesha kwamba uhusiano huo waweza kujengeka hata kwa mbali, karibu sawa na ana kwa ana. Basi chombo si kikwazo kikubwa kama tulivyodhani.

Kwetu kikwazo ni chumba. Tuliwahi kuzungumza na mama mmoja kwa muda mrefu, naye akajibu kila swali, "Ndiyo, Baba Mchungaji." Tukadhani ameridhika. Kesho yake akaja kwa miguu kutueleza kwamba mumewe, ambaye ndiye aliyekuwa shida yake, alikuwa ameketi kando akisikiliza. Tangu hapo twaanza kwa swali la kujibiwa kwa neno moja: "Uko peke yako?" Akisema hapana, twapanga saa nyingine. Tena, ni Mkristo gani wa kwetu atakayemwambia mchungaji wake kwamba hakusaidika?

Salio nalo likiisha katikati ya kilio, mshauriwa huona ametupwa. Yafaa kupatana mwanzoni ni nani atakayepiga tena, na afadhali awe mchungaji. Lakini anayesema atajiua asiachiwe simu peke yake. Atafutwe mara moja mtu wa kukaa naye, hata afikishwe hospitali.