Betri ya Moyo Chini ya Ngozi

Huku kwetu Handeni na Korogwe mzee akianguka na kuzimia mara kwa mara, wengine husema ana kifafa au mashetani, wakamchanja chale. Huenda moyo wake unapiga polepole mno. Mleteni hospitali apimwe. Akihitaji betri ya moyo, atapewa rufaa, kwa mfano Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Huko hufanywa nini? Mgonjwa huchomwa ganzi. Daktari huchana ngozi kidogo chini ya mtulinga, hupitisha waya ndani ya mshipa mpaka moyoni, kisha huweka betri chini ya ngozi. Msishtuke mkiona kinundu pale. Ndiyo betri yenyewe.

Akirudi nyumbani:
1. Kidonda kisilowe, kisikandwe, wala kisipakwe dawa za miti.
2. Kwa wiki 4 hadi 6 asiinue mkono wa upande huo kupita bega. Asilime wala asibebe ndoo.
3. Simu asiiweke mfuko wa kifuani.
4. Kadi ya betri atembee nayo.

Akitoka usaha, akipata homa au akizimia tena, arudishwe hospitali siku ile ile. Betri hudumu miaka 7 hadi 10, pengine zaidi, kisha hubadilishwa. Kwa hiyo wekeni akiba ya nauli ya kliniki mapema.